Amana za Chumba cha Ndani

Shule ya Sekondari Mkorosho Mmoja,
Ziwani, Mtwara.
12 Mei 2024

Kwa Mwalimu wangu Zulmira,

Shikamoo. Naomba radhi kwa ukimya wangu. Tangu uhamie Kilambo kwa kaka yako sijakuandikia barua hata ya mstari mmoja, na masika yote yamepita. Sababu ninazo, lakini wewe ndiye uliyetufundisha kwamba mkosaji anayeanza na sababu amekosa mara ya pili, kwa hiyo naziacha.

Najua simu huitaki tangu masikio yalipoanza kukusumbua. Ule ujumbe wangu wa Idi wewe uliujibu kwa mdomo wa Leonel, muuza mchele: “Mwambie Sabra nimepokea kitu kilichoandikwa ‘Idi njema mwl, za xaxa’, nami sikumtambua aliyekileta.” Leonel alinitolea maneno hayo sokoni, mbele ya watu. Kuanzia leo nitaandika kwa kalamu na yeye atabeba.

Sasa habari. Mkuu wa Shule, Mwalimu Mussa, ameniita ofisini na kuniambia kwamba mimi si mkutubi tu, bali ni Mratibu wa TEHAMA wa shule nzima. Nilimwambia kwamba TEHAMA ninayoijua ni kuandika orodha ya vitabu katika kompyuta yake mbovu. Akacheka. “Mwalimu wa Fizikia anakushinda ujuzi,” akasema, “lakini hana chumba chenye dari, nondo na kufuli mbili. Wewe unacho.” Hivyo ndivyo nilivyopata uongozi, Mwalimu. Nimeupata kwa sababu ya kufuli.

Wafadhili wanaleta kompyuta ishirini. Zitakaa katika chumba cha ndani, kile cha nyuma ya rafu za Historia. Afisa elimu naye amedokeza kwamba wilaya inatafuta mtu wa kuongoza TEHAMA katika shule zake zote za sekondari. Ofisi iko mjini. Kazi yangu ya hapa ikisimama vizuri mpaka mwisho wa mwaka, jina langu ndilo litakalopelekwa.

Tangu siku hiyo sikai. Naanza kupanga vitabu, kisha najikuta dirishani. Naweka chai, naisahau. Mama ananitazama na kusema, “Umeambiwa uongoze mashine, au mashine ndiyo inayokuongoza?” Mimi ni mtu wa vitabu. Je, nikubali?

Mwanafunzi wako,
Sabra Mnali


Kilambo,
21 Mei 2024

Mpendwa Sabra,

Marahaba. Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya pili nikiwa na kalamu nyekundu. Makosa ni machache kuliko nilivyotarajia.

Mimi ni mzima. Viboko wameingia tena katika mpunga wa kaka yangu, naye kila jioni anakwenda ukingoni kugonga debe na kuwatukana kwa Kimakonde. Nimemwambia kwamba viboko hao wametoka upande wa Msumbiji, na labda watasikia Kireno. Hakucheka.

Usiniulize kama ukubali. Niulize kama unaweza. Unaweza. Mtu aliyejifunza kupanga vitabu elfu tatu bila kupoteza kimoja hawezi kushindwa na kompyuta ishirini. Wasiwasi wangu uko kwingine. Katika barua nzima umetaja kufuli na nondo, lakini hukutaja amana.

Chumba kile cha maktaba kilipofunguliwa, ulikuwa bado mtoto wa shule ya msingi, kwa hiyo nakukumbusha. Mwaka mzima hakuna mtu mzima wa kijiji aliyevuka kizingiti. Walikiona ni chumba cha Serikali, na mambo ya Serikali huangaliwa kwa mbali. Kisha Mwajuma akapata mchumba wa bintiye mkubwa, na paa lake lilikuwa linavuja. Akaja kuniuliza kama anaweza kuhifadhi godoro la harusi ndani ya maktaba. Nikakubali kwa sharti moja: anayeleta amana aondoke na kitabu. Akasema hajui kusoma. Nikampa kitabu cha ufugaji wa kuku, na binti yake mdogo, Nuru, akamsomea kila jioni mpaka kikaisha. Baada ya godoro yakaja masufuria, majamvi ya msikiti, jezi za timu na viti vya shughuli. Kila mzigo ulioingia ulitoa kitabu. Hivyo ndivyo kijiji kilivyopata maktaba, wala si kwa waraka wa mtu yeyote.

Mashine zije. Lakini mtu asirudishwe mlangoni na mzigo wake kwa sababu ya mashine. Hilo nakuomba kama mwalimu wako.

Akupendaye,
Zulmira Nankoma


Mkorosho Mmoja,
30 Juni 2024

Mwalimu,

Shikamoo. Zimefika na zinawaka. Nimeandika sentensi hiyo fupi ili nisianze kupiga kelele katika barua.

Wanafunzi wa kidato cha nne, waliobaki kambini kujiandaa na mtihani, ndio walionisaidia kuzipanga. Shabani, fundi umeme wetu, alifunga nyaya kwa siku mbili bila kutaka chakula, akisema akila anasahau rangi. Mimi nilijifunza kutoka katika kitabu, na pale kitabu kilipokoma nilimpigia simu Nuru wa Mwajuma, ambaye sasa ni fundi wa kompyuta mjini. Tulipowasha ya kwanza, Zainabu wa kidato cha nne aliuliza tutafute nini mtandaoni. Wenzake wakasema tutafute Mkorosho Mmoja. Haikuonekana popote. Zainabu akasema, “Basi tuiandike sisi,” na wameanza kuiandika.

Sheria yako sijaivunja. Kabla ya Idi Mzee Hashimu Likapa, mwenyekiti wa kikundi cha wakulima, alikuja na mkokoteni wa salfa, unga wa kupulizia mikorosho. Ghala lao limeezuliwa na upepo, na ugonjwa wa ubwiri unga umekwisha kuanza kwenye mikorosho, hawawezi kungoja. Alichungulia ndani akasema, “Hizi ndizo zinazowafanya watoto wetu wasilime?”

“Bado hazijawashwa, Mzee.”

“Basi wewe kalime kwanza, kabla hazijawashwa.”

Chumba cha nje kilikuwa kimejaa viti vya harusi ya Idi, kwa hiyo salfa nimeiweka katika chumba cha ndani, nyuma ya meza za kompyuta, mifuko hadi dirishani. Wakulima huja na ndoo, wanachota ya siku hiyo na kwenda kupulizia. Kila mmoja aliondoka na kitabu. Mzee Hashimu alichagua kitabu cha sheria za ardhi. Mwingine alichukua kamusi, akasema anataka kizito.

Mwalimu Mussa alikunja uso kidogo alipoiona mifuko, lakini nilimweleza desturi yetu naye akasema, “Haya, Mratibu ni wewe.” Nilipenda alivyolitamka.

Feni zinazunguka mchana kutwa, maana kompyuta hazipendi joto. Vumbi la njano halikosi. Tunapiga chafya na kucheka. Bangili yangu ya fedha, ile ya marehemu bibi, imekuwa nyeusi. Mama anasema ni sabuni mpya.

Wako,
Sabra


Kilambo,
11 Julai 2024

Mpendwa Sabra,

Marahaba. Mimi si mtu wa sifa, nawe unajua, kwa hiyo nitasema mara moja tu: umefanya vizuri. Niliogopa kwamba mashine zingewatoa watu nje, nawe umeziweka katika chumba kimoja na mzigo wa mkulima.

Barua yako nimemsomea Mwalimu Fadhili, mkuu wa shule ya hapa. Yeye pia ameahidiwa kompyuta mwezi wa tisa, na wazazi wamekwisha kumnung’unikia kwamba chumba wanachowekea salfa kitachukuliwa na vitu vya umeme. Nikamwambia, “Huna haja ya kuchagua. Sabra wangu kule Ziwani ameweka vyote pamoja na vyote viko salama.” Amefurahi mno. Mkutano wa wazazi ulipofanyika alinipa nafasi niseme, na niliwasomea kipande cha barua yako. Niliruka pale pa “kalime kwanza”.

Kaka yangu ameanza kuniita Mama TEHAMA. Namwacha.

Usiache kuniandikia maendeleo. Nimekuwa na haraka ya barua zako, jambo ambalo si la umri wangu.

Akupendaye,
Zulmira


Mkorosho Mmoja,
9 Agosti 2024

Mwalimu wangu mpendwa,

Shikamoo, na shikamoo ya pili kutoka kwa Mama, ambaye anakusalimu sana na kukuombea afya, yeye pamoja na jirani zetu wote unaowafahamu na usiowafahamu. Tunamshukuru Mungu. Hali ya hewa ni nzuri, maua ya mikorosho yametoka vizuri, na wanafunzi wamerudi kutoka likizo.

Kazi ni nyingi. Umeme unasumbua kidogo. Mengine nitakuandikia nikipata nafasi.

Leonel ananingoja, pikipiki inanguruma.

Sabra


Kilambo,
17 Agosti 2024

Sabra,

Barua yako ina salamu ndefu kuliko habari. Nimesahihisha insha za watoto maisha yangu yote. Mtoto asiyejua jibu hujaza ukurasa kwa hali ya hewa.

“Umeme unasumbua kidogo.” Kidogo kiasi gani? Unasumbua nini? Leonel anasema alipokuja kuchukua barua, chumba cha ndani kilikuwa kimefungwa na wanafunzi walikuwa wamekaa nje. Sikumtuma akupeleleze. Nilimuuliza tu, naye hajui kunyamaza.

Kompyuta za hapa ziko njiani. Zinafika wiki ya kwanza ya Septemba. Chumba kiko tayari, na salfa iliyobaki imepangwa nyuma, kama ulivyofanya wewe. Watu wa hapa wamefanya hivyo kwa neno langu, na mimi nimelisema kwa neno lako. Kwa hiyo nakuuliza waziwazi, nawe unijibu waziwazi: kuna nini katika chumba hicho?

Zulmira


Mkorosho Mmoja,
27 Agosti 2024

Mwalimu,

Kabla ya salamu, kabla ya chochote: mwambie Mwalimu Fadhili aitoe salfa ndani ya chumba kile leo. Isingoje kesho. Chumba kifagiliwe na kufutwa kwa kitambaa chenye maji, kuta na madirisha, kabla kompyuta hazijaingia.

Sasa shikamoo. Nisamehe.

Zilianza kufa katikati ya Julai. Ya kwanza niliiona ni bahati mbaya, na ilipofuata ya pili nikasema ni umeme. Agosti ilipofika nilikuwa naingia asubuhi nikiziwasha moja moja kama mtu anayeamsha wagonjwa, na kila siku kuna moja ambayo haikuamka. Nilipokuandikia ile barua ya salamu zilikuwa zimebaki sita. Leo inawaka moja, nayo inazimika ikijisikia.

Nuru alikuja kutoka mjini. Alifungua ya kwanza, akafungua ya pili. Ndani yake njia zote ndogo za shaba zilikuwa nyeusi kama chungu. Akaushika mkono wangu, akaitazama bangili. “Dada Sabra,” akasema, “hii ilianza lini?” Nikamwambia ni sabuni. Akaniambia si sabuni, ni salfa. Salfa inakula shaba na inakula fedha, Mwalimu. Wanawake wote wa hapa wanavua vidani msimu wa kupulizia, na mimi nimekulia humu. Nilijua kuhusu vidani. Sikufikiria kwamba kompyuta nayo imevaa vidani ndani yake. Na feni nilizoziwasha ili kuzipoza ndizo zilizokuwa zikizilisha vumbi.

Alhamisi tarehe tano wanakuja afisa elimu, wafadhili na kamati ya shule, na wakulima wamealikwa. Nitatakiwa kusimama kama Mratibu na kueleza. Mwalimu Mussa amekwisha kunipangia maneno. “Sema umeme,” ananiambia. “Umeme hauna mjomba kwenye kamati. Ukiusingizia hautakuja kulia ofisini kwangu.” Kwa umeme, wafadhili watatuonea huruma na kuleta nyingine, na jina langu litapelekwa wilayani kama ilivyopangwa. Nikisema salfa, wataniuliza ni nani aliyewafungulia wakulima mlango.

Lakini nikisema umeme, watauliza pia ni nani aliyefunga nyaya. Ni Shabani. Tayari kuna watu wawili wamemwambia asije tena majumbani mwao. Jana nilimwona amekaa nje ya maktaba, anazitazama nyaya zake kutoka dirishani. Akaniuliza, “Mwalimu, nilikosea wapi?” Nikamwambia bado tunachunguza. Nilimwambia hivyo, na Nuru alikuwa amekwisha kunieleza kila kitu siku tatu kabla.

Sikulala vizuri wiki hii. Nazunguka rafu kama kuku aliyepoteza pa kutagia. Niambie la kufanya.

Sabra


Kilambo,
1 Septemba 2024

Sabra,

Salfa imetoka. Barua yako ilifika asubuhi, na kabla ya adhuhuri mimi na Mwalimu Fadhili tulikuwa tumeshaihamishia kwenye banda la kaka yangu. Hakuuliza mengi. Wazazi watauliza kesho, nami nitawajibu.

Umeniuliza la kufanya. Nitakujibu, ingawa nimekaa na kalamu muda mrefu.

Sema umeme.

Najua unalishangaa. Lakini mimi nawajua watu wa ofisini. Ukisema salfa, wilaya itatoa waraka kwamba maktaba zisihifadhi mali ya mtu yeyote, na waraka hautatofautisha salfa na godoro. Mlango utafungwa. Kwanza wataondoka watu na mizigo yao, kisha wataacha kuchukua vitabu, na baada ya miaka michache chumba kile kitakuwa tena cha Serikali. Nilikipigania chumba kile kuanzia godoro la kwanza. Wewe hukuona kilivyokuwa kitupu.

Salfa iondoe kimyakimya, useme ghala lao limekwisha kuezekwa. Hakuna atakayejua. Shabani ni kijana mwenye mikono yake. Atapata kazi mahali pengine.

Umri wangu unanipa haki ya kuomba jambo moja. Naomba hilo.

Zulmira


Kilambo,
3 Septemba 2024

Sabra mwanangu,

Barua yangu ya juzi ichome. Namsihi Leonel aiwahishe hii, lakini amepakia mchele na tairi lake limechoka.

Jana nilifagia chumba cha hapa kwa mkono wangu, kwa sababu sikutaka mtu mwingine aingie humo. Medali yangu ya Bikira Maria, ambayo mama yangu alivuka nayo mto wakati wa vita, ilikuwa shingoni. Leo asubuhi imekuwa nyeusi. Niliisugua kwa majivu mpaka kaka yangu akaniuliza nagombana na nani.

Nimeitazama tena katika kichwa changu ile sentensi niliyokuandikia kuhusu Shabani. Haikuwa na kosa hata moja ambalo kalamu nyekundu ingeligusa. Ilikuwa sentensi safi na ilikuwa jambo baya.

Wazazi nimewaambia kwamba niliwapa neno lisilo sahihi. Celia, mke wa mwenye kivuko, akasema mbele ya wote, “Mama TEHAMA naye kumbe hukosea.” Wakacheka sana. Nikasimama wakacheka mpaka wakamaliza.

Sema kilichotokea. Chumba kikifungwa, kifungwe.

Zulmira


Mkorosho Mmoja,
10 Septemba 2024

Mwalimu wangu,

Shikamoo. Nakuandikia nikiwa nimesimama, karatasi iko juu ya rafu ya Jiografia. Kukaa bado sijaweza.

Barua yako ya tarehe mosi ilinifikia Jumatano, siku moja kabla ya mkutano. Niliisoma mara nne. Sikuwahi kupokea amri yako ambayo sikuitii, tangu uliponifundisha kushika kalamu. Niliikunja na kuiweka mfukoni, na Alhamisi nilisimama mbele ya watu nikiwa nayo.

Mwalimu Mussa alinikaribisha vizuri, akasema Mratibu wetu atatueleza matatizo ya umeme. Kwa hiyo hata mlango alikuwa amenifungulia, kilichobaki ni kupita. Shabani alikuwa amekaa mwisho kabisa, karibu na dirisha, kofia ameishika kwa mikono miwili. Nikavua bangili ya bibi nikampa afisa elimu. Nikamwambia ilikuwa nyeupe mwezi wa tano. Kisha nikaeleza kuhusu salfa, shaba na feni, na Nuru akafungua kompyuta moja mezani ili waone. Nikasema nyaya za Shabani hazina tatizo lolote.

Mzee Hashimu akasimama polepole. “Kwa hiyo ni sisi tuliozinyonga?”

“Mimi ndiye niliyewafungulia mlango, Mzee. Hamkujua.”

“Na wewe ulijua?”

“Nilikuwa nimevaa jibu mkononi. Sikulitazama.”

“Ungetuambia mapema tungeiondoa mapema,” akasema. “Sisi ni wakulima, si wachawi.” Akakaa, akanipa mgongo.

Mmoja wa wafadhili akauliza inakuwaje maktaba ihifadhi salfa. Nikamweleza sheria yako, kuanzia godoro la Mwajuma. Mwajuma mwenyewe alikuwepo, akapaza sauti kutoka nyuma, “Na kitabu cha kuku ninacho mpaka leo, sikirudishi.” Nadhani hapo ndipo afisa elimu alipotabasamu, lakini sina hakika, maana alikuwa ameinamia bangili. Nikawaomba jambo moja: wajenge ukuta wa tofali, mashine zikae upande mmoja na amana upande wa pili, na salfa isiingie upande wowote. Mlango wa amana usifungwe. Afisa elimu akasema wilaya itaamua. Mwalimu Mussa hajanisemesha tangu siku hiyo, isipokuwa kuniuliza chaki ziko wapi.

Ijumaa wakulima walikuja na mikokoteni kuchukua salfa yao. Walifanya kazi kimya, hakuna aliyenitania. Nilisimama pembeni na ufagio. Mfuko wa mwisho ulipotoka walibaki mlangoni, hawaondoki, na mimi sikujua wanangoja nini. Mzee Hashimu, ambaye alikuwa bado hajanisalimia, akasema akitazama ukutani, “Sheria yenu inasema anayeleta mzigo anaondoka na kitabu. Anayeondoa mzigo je?”

Nikamwambia kwamba sheria haikusema.

“Basi iseme.”

Nikaweka ufagio chini nikawafungulia rafu. Yeye alichukua kitabu bila kusoma jina lake, akakiweka kwapani na kuondoka. Kile cha sheria za ardhi hajakirudisha, na salamu bado sijaipata. Yule wa kamusi aliirudisha, akaomba nyingine iliyo nzito zaidi. Shabani alikuja wa mwisho. Yeye hakuwa na mzigo wa kuondoa. Nilimpa kitabu cha umeme, na nikamwambia nilichopaswa kumwambia siku ile aliponiuliza alikosea wapi. Alinisikiliza, akasema, “Sawa.” Sijui kama ni sawa.

Barua yako ya pili Leonel aliileta Ijumaa jioni, tairi limezibwa mara tatu, akiomba msamaha njia nzima. Nilimpa chai. Mwalimu, nafurahi kwamba alichelewa. Ingalifika mapema, ningalisema kweli kwa utii. Barua zako zote mbili ninazo. Hiyo moja sitaichoma, hata ukiniamuru.

Sasa tunangoja. Wilaya itakaa na kuamua mambo matatu: kama kompyuta nyingine zitakuja, kama amana zitaendelea, na ni nani atakayekuwa Mratibu. Habari ya ofisi ya mjini hakuna aliyeitaja tena, na nimegundua kwamba ninayoiwazia si hiyo. Nataka kubaki Mratibu wa hapa. Miezi minne iliyopita nilipewa kazi hii kwa sababu ya kufuli. Sasa ndiyo kwanza najua namna ya kuifanya, na huenda nikanyang’anywa. Zainabu na wenzake wanaendelea kuandika habari za kijiji kwa mkono, katika daftari, mpaka kiwepo cha kuziandikia. Wameanza na godoro.

Mara tu uamuzi utakapotoka, wowote utakaokuwa, nitakuandikia siku hiyo hiyo, kwa kalamu na kwa maneno kamili, kabla sijamwambia mtu mwingine. Isipokuwa Mama, ambaye atakuwa ameshajua.

Mwanafunzi wako,
Sabra